Kaka yangu nusura afe kwa kuacha pombe, siyo kwa kunywa. Wenye ndugu walevi Dodoma, pitieni hapa

Binti wa Nkuhungu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Wa Dodoma, mbukwenyi.

Uzi utakuwa mrefu, mniwie radhi. Nauandika kwa ruhusa ya mwenyewe, kaka yangu. Amesema niandike yote ila jina lake niliache.

Kilichonisukuma ni msiba. Wiki hii nimelala msibani mtaa wa pili kutoka kwetu. Kijana wa watu alikuwa mnywaji wa kutwa, akaamua kuacha, ndugu wakafurahi wakamfungia ndani asitoroke. Siku ya tatu degedege likamchukua. Pale kwenye jamvi kina mama wananong'ona kwamba karogwa. Mimi nimekaa moyo unanidunda, maana kisa kile nakijua hatua kwa hatua. Ni cha nyumbani kwetu, kimetofautiana mwisho tu.

Kaka yangu ni fundi wa vigae. Serikali ilipohamia huku kazi zikamiminika. Mtumba, Ihumwa, Iyumbu, kila ukigeuka kuna jengo linapanda. Fundi analipwa mkononi jioni, na pale pale nje ya saiti kuna mama anauza. Alianza na bia mbili za kuondoa vumbi kooni. Zikaja chupa ndogo za pombe kali, halafu gongo kwa sababu ni rahisi. Kufikia mwaka 2022 alikuwa anakunywa kabla hajapiga mswaki. Nyumbani tukisema huyu hana aibu hata ya jua. Kumbe asubuhi mikono ilikuwa inatetemeka hadi kamba ya kupimia inamponyoka, na akinywa kikombe kimoja mkono unatulia, vigae vinakaa mstari. Alikuwa anakunywa ili aweze kufanya kazi. Hilo nimekuja kulielewa baadaye sana, kwa kuelezwa na daktari.

Tulifanya yote ambayo familia nyingi hufanya. Baba alimtolea maneno mazito mbele ya wajomba. Wifi alichukua watoto akarudi kwao Mpwapwa. Mama alikwenda kununua ile dawa inayobandikwa matangazo kwenye nguzo za umeme, "dawa ya kuacha pombe bila mtumiaji kujua", akawa anamtilia kwenye uji. Kaka alitapika siku mbili, akaacha uji, pombe akaendelea nayo.

Agosti 2023, ule msimu wa upepo na vumbi, kaka mwenyewe akasema basi. Alikuwa amedondoka kwenye jukwaa saitini, akaumia bega. Ijumaa jioni akanywa ya mwisho, akampa mama simu na pesa zote, akasema nifungieni ndani. Mama alilia kwa furaha. Tukafunga mlango kwa kofuli. Mimi ndiye niliyekwenda kulinunua soko la Majengo.

Jumamosi alitetemeka, jasho likilowanisha godoro, hali chakula. Tukasema sumu inatoka. Alfajiri ya Jumapili tukasikia kishindo. Tukamkuta chini amekakamaa, macho juu, povu mdomoni, ulimi ameung'ata. Tukamkimbiza zahanati moja ya karibu, jina silitaji. Wakampima malaria, wakamtundikia dripu ya sukari, wakampa vidonge, tukarudi naye. Hakuna aliyetuuliza habari za pombe, na sisi hatukusema. Tuliona aibu.

Usiku ule ndio uliobaki kichwani mwangu. Nilimkuta amekaa sakafuni anachambua shuka. Anaokota kitu kisichokuwepo kwa vidole viwili, anakitupa pembeni, anaokota kingine. Taratibu, kwa makini, kama anavyookota vipande vya kigae. Kucha zake bado zilikuwa na gundi ya kazini. Akaniambia, "Siafu hawa wametoka wapi? Waite watoto watoke humu." Watoto walikuwa Mpwapwa. Mimi akaniita kwa jina la shangazi aliyefariki tukiwa wadogo.

Hapo nyumba nzima ikaamini ni mapepo. Wakaja watu wa maombi wakakesha, na simlaumu aliyeita, kwa sababu hata mimi nilipiga magoti. Lakini mwili wake ulikuwa unachemka kama jiko na mapigo ya moyo unayaona shingoni.

Jumatatu asubuhi jirani yetu, nesi mstaafu, alisikia kelele akaingia bila hodi. Akamtazama kaka, akauliza kitu kimoja tu: "Amekunywa mara ya mwisho lini?" Mama akamwambia Ijumaa. Yule mama akasema huyu anatakiwa hospitali sasa hivi, siyo mchana.

Baba akasimama mlangoni. "Mwanangu hapelekwi Mirembe."

Nyie wa mikoani mnalitumia jina hilo kama utani, lakini sisi tuliozaliwa hapa tumekua nalo. Ukikosea darasani unaambiwa umetoroka Mirembe. Ukiposa kwenye familia fulani wanauliza kama kuna aliyewahi kulazwa kule. Ni hospitali ya magonjwa ya akili, ipo tangu enzi za Mwingereza, miaka ya 1920, na jina lake limegeuzwa kuwa tusi. Baba aliogopa hilo jina kuliko alivyoogopa ulevi. Yule nesi hakubishana naye. Alisema, "Mzee wangu, Mirembe tutaiongea akiwa hai. Leo nataka hospitali yoyote yenye daktari na dawa." Baba akasogea pembeni, akatupisha. Tukampakia kwenye bajaji, mimi nimemkumbatia kiunoni, njia nzima anaokota siafu kwenye blauzi yangu.

Natafuta chaji, nakuja kuendelea.

Kamba ya Kupimia

Pole sana dada. Hapo kwenye aibu ya kusema anakunywa, umenigusa. Tunaendelea kusoma.

Mzee wa Hombolo

Poleni. Ila mimi ni wa siku nyingi, na pombe nimeiona tangu ujimbi wa mtama wa wazee wetu. Wazee walikunywa na hawakuwa hivi. Vijana wa sasa hawana nidhamu. Kuacha ni kuamua, hospitali ya nini?

Nesi wa Zamu

Naomba niingie, ni kazi yangu. Sitasema ninafanya wapi.

Mzee wangu wa Hombolo, shikamoo. Kaka wa mleta mada aliamua. Alitoa simu, akatoa pesa, akaomba mwenyewe afungiwe. Uamuzi huo ndio uliomfikisha kwenye degedege, kwa hiyo yeye hakukosa nia.

Pombe inapunguza kasi ya ubongo. Mtu akinywa kila siku kwa miaka, ubongo unajifunza kukanyaga mafuta muda wote ili kushindana na ile breki. Siku ukiondoa breki ghafla, gari linabaki na mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Ndiyo maana saa 6 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho mtu anatetemeka, anatoka jasho, hapati usingizi. Degedege huja zaidi ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne ndiyo ile hali ya kuona siafu, kusahau jina la ndugu, homa kali na moyo kwenda mbio. Hiyo inaua. Ikitibiwa hospitali, wengi wanapona kabisa.

Siyo kila mnywaji anafika huko. Mwenye kuogopewa zaidi ni anayekunywa asubuhi ili atulie, aliyewahi kupata degedege akiacha, aliye na ini bovu au utapiamlo, na mzee. Huyo asiachishwe nyumbani.

Kuhusu wazee wetu, ujimbi ulikuwa na msimu wake, ulikuwa wa sherehe na kazi za shamba, na ukali wake haukaribii gongo.

Mama Kibaigwa

Samahani wapendwa, naomba msaada. Nimeupata uzi huu sasa hivi. Baba yangu ana miaka 61, anakunywa gongo miaka mingi. Juzi alfajiri alizidiwa na tumbo, tangu hapo hajagusa. Leo anatetemeka sana, na tangu magharibi anasema kuna watu juu ya dari. Kijijini kwetu wanasema asubuhi tutamtafuta mganga. Je, tunaweza kusubiri asubuhi?

Nesi wa Zamu

Mama Kibaigwa, usisubiri asubuhi. Usiku huu.

Msipange kwanza safari ya Dodoma mjini. Nendeni kituo cha afya kilicho karibu chenye daktari wa zamu, yeye ataamua rufaa. Mkifika, maneno ya kwanza yawe haya: "Anakunywa gongo kila siku, ameacha tangu juzi alfajiri, sasa anatetemeka na anaona watu." Msiseme ni tumbo, mkataja tumbo mtatibiwa tumbo.

Njiani mlaze ubavu, msimfunge kamba, mtu mmoja aongee naye kwa sauti ya chini. Akipata degedege msimwekee kijiko wala kitambaa mdomoni. Msimpe diazepamu (dawa ya kutuliza) ya dukani. Na msimpe gongo "kidogo ya kumtuliza", hali aliyonayo atapaliwa.

Usafiri mnao?

Mama Kibaigwa

Kuna jirani ana pikipiki. Namuamsha. Asanteni.

Binti wa Nkuhungu

Mama, nenda. Tuko hapa.

Naendelea kwa wengine, na naandika mkono unanitetemeka.

Hospitali tuliyofika daktari wa zamu aliuliza lile swali lile lile la jirani. Nikajibu kila kitu, kiasi gani, aina gani, tangu lini. Hakututazama vibaya. Walimchoma sindano ya vitamini B1 kwanza, halafu diazepamu, wakawa wanamfuata kila baada ya muda: mikono inatetemekaje, jasho likoje, anajua yuko wapi au hajui, wanaongeza dawa au wanaacha. Usiku wa Jumanne alilala usingizi wa kwanza. Alhamisi akaniita jina langu, akaomba ugali.

Ile dripu ya sukari ya zahanati nilimweleza daktari. Alinyamaza kidogo, akasema mlevi wa muda mrefu mara nyingi mwili wake hauna B1 ya kutosha, na sukari ili itumike mwilini inahitaji hiyo B1. Ukimmiminia sukari peke yake unaimaliza kidogo iliyobaki, na ubongo unaweza kuharibika, mtu akabaki na kusahau kwa maisha yake yote. Nawaambia hili ili mkimpeleka mtu mahali mtaje pombe, wajue waanze na nini.

Sasa jambo ambalo sisi hatukulijua: zile siku tano ni kumtoa kwenye hatari tu. Kaka alitoka wodini akiwa mzima, nasi tukadhani tumemaliza. Yule nesi jirani ndiye aliyesema sasa ndiyo tuongee Mirembe. Na aliyekubali kwanza hakuwa baba, ni kaka mwenyewe. Alisema, "Mimi nimeona siafu wasiokuwepo. Nitaogopaje jina?"

Tulikwenda na barua ya rufaa. Nilitegemea kukuta minyororo na kelele. Nilikuta foleni, mabenchi, miti, na watu wamevaa kama mimi na wewe wameshika kadi zao. Mbele yetu alikuwa mama amekuja kuchukua dawa za kifafa za mtoto, nyuma yetu kijana wa chuo aliyekosa usingizi wiki nzima.

Daktari alikaa naye karibu saa nzima. Hakuanza na pombe. Alianza na usingizi, akaja kwenye kazi, wifi, watoto, akafika kwa baba. Kaka aliniambia baadaye kwamba ilikuwa mara ya kwanza mtu anamuuliza anapolala anawaza nini. Wakampima ini na sukari, wakamwendelezea B1 kwa sababu miguu ilikuwa inamuwaka moto usiku. Akapangiwa mnasihi.

Mnasihi alimpa daftari la kawaida la shule. Akamwambia aandike kila siku saa ambayo hamu inakuja, na alikuwa wapi. Baada ya wiki mbili walilifungua pamoja. Hamu ilikuwa inakuja saa 11 jioni, siku za malipo, kituo kimoja cha daladala. Siku nyingine hamu ni ndogo, inapita. Kwa hiyo wakabadilisha vitu vitatu vidogo. Msimamizi akakubali kumlipa kwa simu, siyo mkononi. Pesa ikawa inaingia kwenye simu ya mama. Na akaanza kurudi kwa njia nyingine, anashuka mbele anatembea dakika 20. Ukisikia utadhani ni vitu vya mtoto. Vilimsaidia kuliko hotuba zote za wajomba.

Kamba ya Kupimia

Dada, naomba kuuliza, wengine ndugu zetu siyo pombe, ni unga (heroini). Mimi mdogo wangu yupo kwenye kijiwe cha Chang'ombe. Akiwa na arosto, yale mateso ya kukosa unga, anaiba hadi sufuria. Naye anaweza kufa akiacha ghafla?

Dada wa Itega

Kamba, nikujibu mimi, maana hilo ni langu. Mume wangu alikula unga miaka 9, sasa ana mwaka wa tatu kwenye methadoni, dawa ya hospitali anayopewa badala ya unga.

Arosto ya unga ni mateso, mifupa inauma, anatapika, anaharisha, kamasi na machozi. Mara nyingi yenyewe haimuui mtu mzima mwenye afya, ingawa akiharisha bila maji anaweza kuzidiwa. Kinachowaua wengi ni kurudi. Mtu akikaa safi mwezi mmoja, awe jela au soba hausi (nyumba ya upataji nafuu), mwili unasahau. Akitoka anapiga kipimo kile kile cha zamani, anaacha kupumua. Nimezika marafiki wawili wa mume wangu hivyo, mmoja alikuwa na siku nne tangu atoke.

Methadoni Tanzania ilianza Muhimbili, Februari 2011, ikaja kusambaa mikoani. Hapa kwetu wanakunywa kliniki ya Itega, chini ya Mirembe. Ni ya kunywa, siyo sindano, na ni bure. Unafika kila siku, unaitwa, unakunywa mbele ya mhudumu, unaongea kidogo ili waone umemeza, unaondoka. Inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo arosto haiji na ile stimu haipo. Wanaanza na kipimo kidogo na kupandisha taratibu, usitegemee siku ya kwanza atulie kabisa. Hizo wiki za mwanzo ndizo wengi wanakimbia. Mfuate usimwache.

Wanapima pia TB, VVU na homa ya ini. Usiruke hapo. Mume wangu alikutwa na TB, akaanzishiwa dawa, na baada ya wiki chache akaanza kuamka na arosto saa 9 usiku. Nikamshuku kwamba karudi kijiweni, tukagombana vibaya. Kumbe rifampisini ya TB inaifanya methadoni iishe haraka mwilini. Daktari akaongeza kipimo, yakaisha. Mpaka leo namwomba msamaha kwa maneno niliyomwambia.

Na akikosa siku tatu mfululizo asinywe kipimo chake cha zamani, aseme ukweli, wamshushe kwanza. Pombe na diazepamu juu ya methadoni ni hatari kubwa.

Mzee wa Hombolo

Nawasoma. Lakini hiyo methadoni si ndiyo kutoka uraibu huu kwenda mwingine? Anakunywa kila siku kama alivyokuwa anakula unga kila siku.

Dada wa Itega

Shikamoo mzee. Nimelisikia sana hilo, hata kutoka kwa mama mkwe. Nakujibu kwa nilichokiona ndani ya nyumba yangu. Mwaka wa unga, mume wangu alikuwa anahitaji kete mara nne kwa siku, na katikati ya kete na kete yupo barabarani anatafuta cha kuuza. Sasa anakunywa saa 2 asubuhi, saa 3 yupo kwenye kazi yake ya kuchomelea mageti, jioni anamsimamia mtoto hesabu. Hashiriki sindano na mtu. Wapo wenye kisukari wanaochoma insulini kila siku, na hatusemi wana uraibu wa insulini.

Mzee wa Hombolo

Nimekuelewa mwanangu. Mimi nina kijana wangu. Siyo unga, ni pombe. Ndiyo maana nauliza kwa ukali.

Binti wa Nkuhungu

Baba, shikamoo. Usijisikie vibaya kuuliza, hata baba yangu aliuliza hivyo hivyo. Niendelee na sehemu ambayo itakuhusu.

Kaka alikaa miezi minne bila tone, akaanguka. Ilikuwa Desemba, alikwenda Mpwapwa kumwona wifi na watoto, ukweni hawakumfungulia mlango. Alirudi siku tatu baadaye ananuka. Baba akasema pesa zetu za nauli na dawa zimeliwa bure.

Ndipo tukakosea tena. Mtu akatuelekeza nyumba moja ya upataji nafuu nje ya mji, sitaitaja. Tukalipa laki mbili na nusu ya mwezi. Hakukuwa na daktari wala nesi, hakuna aliyeuliza amekunywa lini. Kaka alianza kutetemeka usiku wa kwanza, wakammwagia maji ya baridi, wakamwambia apige msamba. Mwenzake wa chumbani ndiye aliyetupigia simu kwa kujificha. Tulikwenda kumtoa asubuhi na kumrudisha hospitali.

Sisemi soba zote ni hivyo. Nimekutana na waliotokea soba nzuri zinazoongozwa na watu waliopita njia hiyo, na wanajua thamani yake. Nachosema ni kwamba kabla hujalipa, uliza: daktari anakuja siku gani? Mtu akipata degedege usiku mnampeleka wapi? Naweza kumtembelea na kuongea naye peke yake? Wakisita, rudi na ndugu yako nyumbani. Na kama unashuku, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina simu ya bure, 119. Nilipiga, nikajibiwa vizuri.

Tuliporudi Mirembe nilitegemea daktari amgombeze. Alifungua faili, akamwuliza, "Siku ile kabla ya chupa, kulikuwa na nini?" Kaka akaeleza ule mlango. Akalia, mtu mzima wa miaka 38. Daktari akasema kuanguka ni sehemu ya ugonjwa huu, kama ambavyo presha inapanda tena mtu akipata msiba, na kwamba miezi minne haikupotea, imetuonyesha pa kuziba. Safari ile akaomba baba aje.

Baba alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikuja, akakaa mwisho wa benchi amevua kofia. Sikuwemo ndani. Walipotoka baba alikuwa kimya hadi tulipofika nyumbani, akaingia chumba cha kaka, akalitoa lile kofuli mlangoni, misumari na vyote, akaenda kulitupa shimoni. Tangu hapo ndiye anayemkumbusha tarehe ya kliniki.

Kamba ya Kupimia

Gharama je? Sisi hatuna bima.

Nesi wa Zamu

Methadoni ni bure kama dada alivyosema. Kwa matibabu mengine, kama kweli hamna uwezo, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku ile ile mnayofika. Msitoroke wodini usiku kwa kuogopa bili, nimeona watu wakimtorosha mgonjwa siku ya pili, wakati hatari bado haijapita.

Na ile dawa ya nguzo za umeme, mama wa mleta mada alikuwa na nia njema, lakini hakuna ajuaye ndani kuna nini. Zipo dawa halali za kumfanya mtu achukie pombe. Hizo mgonjwa lazima ajue na akubali, kwa sababu akinywa pombe juu yake presha inaweza kuanguka na moyo ukasumbuka. Kumtilia mtu kwenye uji kimyakimya unaweza kumzika.

Mzee wa Hombolo

Kijana wangu anakunywa asubuhi. Nimesoma pale kwenye kutetemeka. Nilikuwa nimepanga kumfungia baada ya mavuno ya zabibu. Sitamfungia. Naomba kujua, nikimleta Mirembe nianzie wapi?

Binti wa Nkuhungu

Baba, asiache ghafla kabla ya kuonana na daktari, hilo kwanza, hata kama inakuuma kumwona anakunywa siku mbili zaidi. Pitia hospitali iliyo karibu nawe mpate barua ya rufaa. Mje asubuhi na mapema, aje na vidonge vyote anavyotumia, na mtu mmoja anayejua unywaji wake bila kuficha. Mkifika mapokezi semeni ni tatizo la pombe. Nitumie ujumbe faragha, nitakusubiri getini siku mtakayochagua.

Kaka sasa ana mwaka na miezi mitano. Mwezi uliopita wifi aliwaleta watoto kwa likizo, bado hajarudi mwenyewe. Bega halijapona vizuri, na kuna siku anakaa nje usiku mzima kwa sababu hamu imemshika. Anapiga simu kwa mnasihi asubuhi.

Mama Kibaigwa, tunakuwaza. Ukipata nafasi tuandikie hata neno moja.

Mama Kibaigwa

Nimekawia kurudi, simu ilizima. Usiku ule tulifika kituo cha afya saa 6. Alipata degedege mlangoni pale pale, mikononi mwa wahudumu. Nilisema maneno yale kama mlivyonielekeza, wakamchoma sindano, alfajiri gari la wagonjwa likatuhamishia hospitali. Siku mbili alikuwa hanijui.

Leo asubuhi amefumbua macho akauliza nani amewatoa ng'ombe. Nikamwambia mjomba. Akasema mjomba atawalisha kwenye shamba la watu, nimpigie simu.

Nesi wa Zamu

Mama, asante kwa kurudi. Wakitaka kumruhusu, usitoke hapo bila tarehe ya kliniki na barua ya rufaa mkononi. Na mwulize daktari kama B1 ataendelea nayo nyumbani.

Mama Kibaigwa

Sawa. Narudi wodini nikamuulize kabla hajamaliza raundi.